Bango la Mwisho la Mama Rangi

Jumanne, tarehe kumi na nne ya mwezi wa tano, saa nne asubuhi, lori la manispaa lilisimama mbele ya zahanati ya meno ya mtaa wetu, wakashuka vijana wenye nyundo, wakaling'oa bango la mke wangu lililokuwa limetundikwa asubuhi ileile. Rangi ya pembeni ilikuwa haijakauka. Kijana mmoja ilimshika mkononi, akaifuta kwenye ukuta wa watu. Mimi sikuwepo. Nilikuwa nimekwenda kuchukua mbao upande wa pili wa mji, na niliporudi nikakuta matundu ya skrubu ukutani, ngazi yetu nayo wamekwenda nayo, na mke wangu amekaa juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, mikono ameilaza mapajani kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

"Wamelichukua," akaniambia. "Na wewe hukuliona."

Hilo la pili ndilo lililomuuma zaidi. Na mimi liliniuma mpaka juzijuzi.

Niseme kwanza kazi yetu ilivyokuwa, maana siku hizi watu wanakuja nyumbani kwangu na maswali mpaka najiona nimekuwa makumbusho. Mimi ni seremala. Shule niliishia darasa la nne, na sioni aibu, kwa sababu waliomaliza zote ndio waliolituma lile lori. Nilikuwa natengeneza ubao, mke wangu anachora. Mabango ya maduka yote ya mtaa wetu na mitaa ya jirani yalitoka mikononi mwetu: kinyozi, bucha, fundi bomba, muuza magodoro. Watu walimwita Mama Rangi. Alikuwa haendi popote bila rangi kwenye kiwiko, hata msibani.

Na mimi nilikuwa napiga randa ubao pande zote mbili. Mafundi wengine wanalainisha mbele tu, nyuma wanaacha vijiti vya kuchoma vidole, kwa kuwa nani atatazama nyuma ya bango? Marehemu baba hakunifundisha hivyo. Likumbukeni hili la pande mbili, litarudi.

Sasa, mtu wa kuchorwa alikuwa nani? Mimi. Kila bango. Kwa kinyozi nilichorwa vichwa vinne na mitindo minne ya nywele, nami kipara kilinianza kabla ya kuoa. Kwa fundi bomba nimeshika spana. Kwa muuza magodoro nimelala mdomo wazi. Nilimuuliza siku moja, "Wewe mwanamke, mji mzima huu hakuna sura nyingine?"

"Zipo. Ila zinatikisika. Yako nikienda jikoni kutazama chungu nikirudi naikuta palepale."

Alikuwa na maana kwamba sicheki. Ni kweli, mimi si mtu wa kucheka. Uso wangu ulizaliwa umenuna na dunia haikunipa sababu ya kuusumbua. Bango lililonimaliza kabisa lilikuwa la kwanza la tabibu wa meno: mimi, shavu limevimba kama nimeficha chungwa, kitambaa kimefungwa kichwani na fundo juu kama masikio ya sungura. Tangu siku hiyo mtaa mzima ukaniita Jino. Watoto: "Babu Jino!" Watu wazima: "Jino, mbao zipo?" Nilikaa na jina hilo mpaka nikaanza kuitika.

Ndipo tabibu akaja kutaka bango jipya. Lile la zamani, alisema, linatisha wateja, wanafika mlangoni wanageuza. Akamwambia mke wangu achore atakavyo. Mke wangu akafurahi kama msichana. Akaniambia, "Hili ndilo litakalokuvua hilo jina la Jino. Subiri."

Alikuwa na utaratibu wake ambao hauvunjwi: bango likiwa bado chini, halionwi na mtu. Analifunika kwa shuka, na shuka linatoka likishakuwa ukutani. "Chini ni rangi tu," ndivyo alivyosema. "Likipanda ndiyo picha." Basi nikamtengenezea ubao mkubwa kuliko yote niliyowahi kutengeneza, nikamwachia, nikasubiri. Siku ya kutundika, tabibu akawaita vijana wake, wakapandisha, shuka likatolewa, tabibu akaitwa ndani haraka kwa mgonjwa aliyekuwa akipiga kelele. Alipotoka, mgonjwa mdomo wazi nyuma yake, lori lilikuwa linakata kona. Hata yeye hakuliona vizuri. Mpita njia mmoja aliyeliona alitaka kunisimulia, nikamziba mdomo kwa mkono wangu huu. Nilikuwa nimeambiwa nisubiri.

Agizo lilitoka kwa mtu mmoja wa manispaa ambaye sisi tulimwita Bwana Mandhari, kwa kuwa hafungui kinywa bila kusema "mandhari ya mji". Mabango ya kuchorwa kwa mkono yanaharibu mandhari ya mji. Yote yatoke, yawekwe ya plastiki, rangi moja, herufi za aina moja, kutoka kiwanda kimoja. Kiwanda cha nani, msiniulize, nina wajukuu.

Mke wangu hakumaliza mwaka. Daktari aliandika mapafu. Mimi nasema manispaa.

Alipokuwa kitandani nilimuuliza mara nyingi. "Niambie tu ulichora nini."

"Utaliona likirudi."

"Litarudi kutoka wapi? Wale wanajua kuchukua, kurudisha hawakufundishwa."

"Wewe huna subira," akasema, na akageukia ukutani kulala. Mtu anayekufa ananiambia mimi sina subira.

Baada ya mazishi, shemeji yangu, mdogo wake wa kiume ambaye ni mwenye bucha, alikuja na bango lake mgongoni. Alikuwa amelikuta kwenye banda la kuku la mtu, limekuwa mlango. Manispaa waliyatupa mabango nyuma ya yadi yao, na watu hawaachi ubao mzuri ukaoza: mwingine akafanya kitanda, mwingine akafunikia kisima. "Shemeji," akasema, "mimi nyumbani sina ukuta wa kulitosha, na dukani hawaniruhusu. Kaa nalo." Nikalitundika jikoni. Pale nimebeba paja la mbuzi begani, uso umenuna.

Likaja la kinyozi. Likaja la magodoro. Binti yangu, fundi cherehani, ambaye tunamwita Mama Pacha kwa sababu ya wale wawili wake, akaanza kuzunguka mitaani akiuliza kwa watu, anarudi jioni na ubao kichwani na nzi nyuma. Kila bango tukalipa chumba chake. Magodoro yakaenda chumbani kwangu, juu ya kitanda chenyewe, hivyo ukiingia unaniona nimelala hata kama niko sokoni. Fundi bomba akakaa chooni. Vichwa vinne vya kinyozi kwenye korido, kwa mstari. Jino lenyewe, lile la shavu, likakaa sebuleni pembeni mwa dirisha. Na ukuta mkubwa wa sebule, unaotazamana na mlango, nikaupaka chokaa, nikapigilia kulabu nne, nikauacha mtupu.

Watu wakaanza kuja. Kwanza wenye maduka, kuangalia mabango yao kama watu wanaokwenda kumwona mgonjwa. Halafu vijana wenye simu za kupiga picha. Halafu watu wasiotujua kabisa. Wenyewe wanapaita nyumba ya sanaa. Mimi napaita nyumbani. Ndiyo maana niliweka masharti: unapiga hodi, unavua viatu, unakaa kidogo unywe maji, ndipo utazame. Sitaki mtu anayeingia kwangu kama anaingia stesheni.

Basi juzijuzi, Jumamosi moja, Mama Pacha akaniambia ugeni unakuja. Wageni kutoka miji mingine, watu wa mambo ya sanaa, wanataka kuona nyumba yetu. "Na baba, usipandishe presha. Anayewaleta ni Bwana Mandhari."

Kumbe siku hizi ni Mkurugenzi wa Utamaduni. Hawa watu wakiharibu hawafukuzwi, wanapandishwa ngazi. Na ngazi yenyewe labda ni ile yetu.

"Asikanyage hapa."

"Baba, utamfungia mlango ukose kumwona anavyoingia?"

Mtoto huyu ana akili ya mama yake. Nikavaa shati safi.

Walifika na magari matatu. Mbele alikuwa mama mmoja mtu mzima, mkuu wa msafara, mwanamke mwenye miwani mikubwa na sauti ya mtu ambaye kicheko chake kiko karibu, nyuma yake wageni kama saba, na pembeni, akinyoosha mikono kuwaonyesha njia ya nyumba ambayo hajawahi kuingia, Bwana Mandhari. Kitambi kimeongezeka. Alitaka kupita moja kwa moja.

"Hodi haijapigwa," nikasema.

Akarudi nyuma hatua moja, akapiga hodi kwenye mlango ulio wazi.

"Karibu. Viatu."

Akavua. Soksi ya kushoto ilikuwa na tundu, kidole gumba kinachungulia nje kama mpangaji anayedaiwa. Namshukuru Mungu kwa mambo mengi, na hilo nimeliongeza.

Alipokwisha kunywa maji akasimama katikati ya sebule yangu akaanza hotuba. Kwamba manispaa inathamini sanaa ya mwananchi wa kawaida. Kwamba kazi hizi ni urithi, na manispaa imekuwa ikizihifadhi.

"Imezihifadhi wapi?" shemeji akauliza kutoka mlango wa jikoni, mikono ameikunja. "Kwenye banda la kuku?"

Mama Pacha akakohoa. Mkuu wa msafara akavua miwani, akaivaa tena, akanitazama mimi, akalitazama Jino, akanitazama mimi.

"Mzee! Huyu si wewe?"

"Ndiye mimi."

Akakimbilia korido. "Na hawa? Wote wanne?"

"Wote."

Akaenda jikoni, tukamsikia: "Na huyu wa nyama!" Wageni wakamfuata mbio kwa soksi, wakiteleza kwenye saruji, wakiniita kila wanaponikuta. Nimeishi katika nyumba hii tangu ujana, sijawahi kuona watu wazima wakifurahi namna ile kwa kuutazama uso wangu. Mgeni mmoja akaomba kwenda msalani. Dakika haikupita tukasikia ukelele, akatoka mbio ameshika mkanda. "Kuna mtu mle ndani!"

"Ni baba tu," Mama Pacha akasema. "Yuko na spana. Endelea, hana shida."

Nyumba nzima ikavunjika mbavu. Mimi nilikaza uso, lakini sikatai kwamba kifuani kulikuwa na kitu kinachemka vizuri. Nilikuwa nasema moyoni, mama watoto, wasikie.

Mkuu wa msafara aliporudi sebuleni akasimama mbele ya ukuta mtupu na kulabu zake. "Na hapa?"

Nikamweleza. Sikupunguza, sikutia chumvi. Tarehe, lori, rangi iliyofutiwa ukutani, mke wangu juu ya ndoo. Nikamwambia kwamba mimi mwenyewe sijui kilichochorwa, na kwamba kitu pekee ninachotaka kabla sijamfuata mke wangu ni kuliona bango lile likiwa limepanda. Wakati nasema, Bwana Mandhari alikuwa anakitazama kidole chake cha mguu.

"Mzee wangu," akasema, "tuelewane. Yale yalikuwa maagizo kutoka juu."

"Juu wapi? Barua ilikuwa na sahihi yako."

"Wakati ule, kwa kuzingatia mandhari ya mji..."

Hapo ndipo dereva wake alipoingia. Kijana mrefu, mpole, amekuja kumletea bosi wake simu aliyoisahau garini. Viatu alikwishavua bila kuambiwa. Akamkabidhi simu, akageuka aondoke, akaliona Jino. Akaniona mimi. Akasimama.

"Samahani, mzee," akasema. "Sisi tunafahamiana."

"Hatufahamiani."

"Tunafahamiana. Wewe uko chini ya meza."

Nikadhani kijana kapigwa na jua. "Meza gani?"

"Ya mikutano, pale ofisini kwetu. Bosi aliangusha kalamu nikatumwa niiokote. Nikaingia chini ya kile kitambaa kirefu, nikainua macho, nikakutana na wewe uso kwa uso. Niligonga kichwa mpaka nikaona nyota. Ila pale ulikuwa una..."

"Nyamaza!" nikapiga kelele. Hata mimi nilishtuka. "Usiseme nilikuwa nina nini. Usiseme neno."

Mama Pacha ameshika mdomo. Na Bwana Mandhari, uso mkavu, akamwambia kijana, "Dereva, kanisubiri nje."

"Haendi nje," nikasema. "Hapa ni kwangu. Wa kumtoa mtu humu ni mimi, na mtu wa kutoka bado sijamchagua."

Mkuu wa msafara akasema taratibu, "Mkurugenzi, ningependa kuiona hiyo meza."

"Bahati mbaya, mama, leo Jumamosi. Ofisi imefungwa."

"Funguo ninazo, bosi," dereva akasema.

Hivyo ndivyo tulivyokwenda. Magari mbele, na nyuma shemeji na mkokoteni wake wa nyama ameufunika gunia safi. Habari ilitutangulia, sijui kwa mguu wa nani. Tulipopita kwa kinyozi, alitoka na mkasi mkononi na kuacha kichwa cha mtu nusu. Mwenye kichwa naye akaja na shuka shingoni. Tabibu wa meno akafunga zahanati. Muuza magodoro, fundi bomba, wote. Mlangoni pa manispaa mlinzi akauliza ni maandamano ya nini. Shemeji akamjibu, "Tumekuja kumchukua mtu wetu."

Chumba cha mikutano kilikuwa na zulia, na picha za wakubwa waliopita ukutani, wote fremu moja, wote sura moja ya kushiba. Katikati ile meza, imevikwa kitambaa cha kijani mpaka chini. Nikainua ncha ya kitambaa kidogo tu, nikapitisha kiganja juu ya ubao. Laini. Walilipindua bango uso chini, wakapata nyuma iliyopigwa randa vizuri kuliko meza yoyote ya dukani, wakaona ubao usipotee, wakafunga miguu. Kama ningekuwa fundi wa kulainisha upande mmoja, bango la mke wangu lingechomwa kuni.

Shemeji naye hakuwa na haraka. Aliizunguka meza yote, akahesabu viti kwa kidole. "Kwa hiyo muda wote huu mlikuwa mnakaa hapa mnapanga mji, shemeji yangu mmemwekea magoti usoni?"

Mtu mmoja kwenye korido akacheka, ikawa kama moto kwenye majani makavu.

"Hii ni mali ya ofisi," Bwana Mandhari akasema. Jasho lilikuwa limeanza. "Kuna taratibu za kuondoa samani. Kuna kamati."

"Kamati ikae wapi?" akauliza mkuu wa msafara. "Meza ndiyo hii."

Mimi nikamkaribia. Miaka yote nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia mtu huyu, mengine hayafai kuandikwa. Yote yakanitoka kichwani. Nikamwambia, "Bwana, sitaki barua. Sitaki fidia. Sitaki samahani ya kwenye kipaza sauti. Nataka ushike kona moja, ile ya mbele, uibebe mpaka kwangu."

Akatazama wageni. Akatazama korido iliyojaa watu wenye mikasi. Akavua koti.

Lakini meza ilikuwa haipiti mlangoni na miguu yake. Ilibidi miguu ifunguliwe, na miguu ilifungwa upande wa chini, upande wenye picha. Shemeji akasema tuipindue. Nikakataa. Bisibisi huwa haitoki mfukoni mwangu. Nikapiga magoti, nikafumba macho, nikaingia chini ya kitambaa nikalala chali.

Naomba mwelewe jinsi ilivyokuwa. Bango lilikuwa juu ya uso wangu, umbali wa mkono mmoja. Mbona nasema mkono, pumzi yangu ilikuwa inaligonga ikirudi. Nilisikia harufu ya rangi yake, ile ya mafuta aliyokuwa anaichanganya mwenyewe, bado ipo baada ya muda wote huo wa viatu na magoti. Ningefumbua jicho moja tu ningemaliza kiu yangu yote. Nje Mama Pacha akaniita, "Baba, umefumba?"

"Nimefumba."

"Mama anakuona."

"Najua."

Nikafungua skrubu kwa kupapasa. Mguu mmoja ukatoka, nikausukuma nje. Wa pili. Wa tatu. Wakati wa wa nne watu wameushika ubao hewani, na mimi nikaona kuna maji yananitiririka kuelekea masikioni, nikajiambia ni vumbi.

Walipoufunika ubao kwa kile kitambaa cha kijani nikatoka. Nikaikusanya miguu yote minne nikampa katibu mmoja aliyekuwa amesimama hapo. "Miguu ni yenu. Kesho msije mkasema nimeiba miguu ya serikali."

Mkokoteni wa shemeji tuliuacha utangulie mtupu. Bango lilibebwa kwa mabega. Kona ya mbele kulia: Mkurugenzi wa Utamaduni, mikono ya shati imekunjwa, tai imetupwa mgongoni. Kona nyingine dereva wake, tabibu na kinyozi. Mimi nilitembea mbele mikono mitupu, kama bwana harusi. Tulipita katikati ya mtaa, na juu ya kila duka vile vibao vyao vya plastiki vya rangi moja, vimepauka, herufi zimeanguka, kimoja kimeandikwa BUC tu. Watu walitoka madukani wakapiga makofi. Wanawake wakapiga vigelegele. Mtu akauliza kwa sauti, "Huyo anayebeba si Bwana Mandhari?" Mwingine akamjibu, "Ndiye. Anarekebisha mandhari."

Kufika mlangoni, mzigo begani, akataka kuingia.

"Viatu," nikasema.

Akavivua akiwa amesimama, kwa kukanyaga kisigino kwa kidole, mzigo unayumba, dereva anamwambia, "Polepole bosi." Kidole gumba kikatoka tena kusalimia.

Kulabu zangu nne zilipokea bango kana kwamba zimezaliwa kwa kazi hiyo. Nikarudi mpaka mlangoni, mahali anaposimama mgeni, nikasema, "Haya." Mama Pacha akavuta kitambaa.

Ni mimi. Ila ni mimi ninayecheka.

Si tabasamu. Nacheka mdomo wote wazi, kichwa kimerudi nyuma, macho yamebaki mistari miwili, meno yote nje mpaka yale ya mwisho ambayo hata tabibu hajawahi kuyaona. Shingo imesimama mishipa. Ukilitazama unasikia sauti. Skrubu za manispaa zimeacha tundu kila kona, na moja imepita kwenye ncha ya sikio langu, na hata hilo haliharibu kitu. Huyo mtu anaonekana hata hakuhisi.

Tabibu wa meno akasema kwa sauti ya chini, "Kumbe unayo," na kila mtu akaangua. Mkuu wa msafara alicheka mpaka akakaa sakafuni. Dereva akaniambia, "Ndiyo nilitaka kukuambia, mzee, kwamba ulikuwa unacheka." Fikirini: mikutano yote ile, maagizo yote yale, wakubwa wamekunja nyuso juu ya meza, na chini mimi nawachekea magoti. Mke wangu hakujua, lakini asingeweza kupanga vizuri zaidi.

Bwana Mandhari alisimama mbele ya picha, koti mkononi. Nilimsubiri aseme neno lake. Akasema tu, "Ni kazi nzuri." Halafu, "Sikuwahi kuinama kutazama." Akavaa viatu, akaondoka. Sijamsamehe, mtu asije akaandika kwamba nimemsamehe. Lakini nililala vizuri.

Naambiwa Jumatatu iliyofuata walifanya mkutano wao karatasi mapajani. Kinyozi amekuja kuazima vichwa vyangu vinne, kavitundika nje ya duka lake mchana kweupe, na lori halijatokea. Na mtaani Jino amekufa. Sasa naitwa Babu Kicheko, na naitika bila kununa. Ahadi yake Mama Rangi ameitimiza.

Limebaki moja. Kila mgeni anayepiga hodi siku hizi, akishakunywa maji na kusimama mbele ya ule ukuta, ananiuliza nilikuwa nacheka nini. Na mimi sijui. Nimekaa mbele yake asubuhi nyingi nikitafuta. Shati nililovaa pale ni lile la bluu lenye mfuko ulioning'inia, shati la kazi, sikuwahi kutoka nalo nje ya karakana. Kwenye nywele chache nilizonazo kumejaa maranda, mengine yamenasa kwenye nyusi, kama ilivyo nikiwa katikati ya kupiga randa. Kwa hiyo alinichungulia. Karakana yangu ina dirisha dogo linalotazama jiko lake, na kule ndani nilikuwa nafanya kazi peke yangu, mlango nimefunga, siku zote, bila redio, bila mtu.

Mama Pacha hajui. Shemeji hajui. Mwanamume aliyenuna maisha yake yote, peke yake, na ubao tu mbele yake: alikuwa anacheka nini?